Kupima uanuwai wa jeni za kinga kwa simba wa Ngorongoro: je, mikrosatelaiti zinatosha, au ni lazima kusoma MHC yenyewe?

Swali, kutoka kwa Mtafiti wa Kreta

Ndugu wanajukwaa, salaam kwenu nyote. Ninaandaa tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu simba wa kreta ya Ngorongoro, na nimefika mahali ambapo mimi na msimamizi wangu hatujaafikiana kuhusu njia ya kupima kile tunachotaka kukipima. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa maabara na wa porini kabla sijawasilisha pendekezo la utafiti.

Wengi wenu mnaifahamu historia ya simba hawa. Mwaka 1962, baada ya mvua kubwa, nzi wanaouma wa jamii ya Stomoxys walizagaa ndani ya kreta, wakawasumbua simba hadi wakajaa vidonda, wakadhoofika na kushindwa kuwinda. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wa Ngorongoro wakati huo, aliandika habari hiyo mwaka uliofuata. Walibaki simba 10 hivi, na baadaye madume wachache waliingia kutoka nje. Idadi ilipanda tena na kupita 100 mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini wote hao walitokana na wazazi wachache sana. Kisha, kama Kissui na Packer walivyoonyesha mwaka 2004, milipuko ya magonjwa imekuwa ikiwapunguza mara kwa mara, hata idadi yao ikawa chini ya ile ambayo chakula kilichomo ndani ya kreta kingeweza kuihimili.

Hofu yangu ni kwamba, ikiwa simba hawa wamepoteza aina nyingi za jeni za kinga, virusi vitakavyomshinda mmoja vitawashinda na ndugu zake wote. Msimamizi wangu ananishauri nitumie mikrosatelaiti, yaani vile vipande vifupi vya DNA vinavyojirudiarudia, kwa sababu maabara yetu imezizoea na gharama yake ni ndogo. Zikionyesha kwamba uanuwai wa jumla umeshuka, anasema, tutakuwa na msingi wa kusema kwamba uanuwai wa kinga nao umeshuka. Mimi naona ni lazima nisome jeni zenyewe za kundi la MHC, yaani zile zinazotengeneza molekuli za kuonyesha vimelea kwa seli za kinga. Hata hivyo sijui nisome sehemu gani ya kundi hilo, wala sina hakika kama sampuli zangu zinafaa: ninayo damu iliyohifadhiwa kutoka kwa simba waliowahi kulazwa usingizi kwa ajili ya matibabu au kuvishwa kola za redio, na ninaweza kukusanya kinyesi. La mwisho, na ndilo linaloninyima usingizi, nikishapata hesabu ya aleli, yaani matoleo tofauti ya jeni, nitakuwa na haki ya kudai nini?

Jibu kutoka kwa Benchi la Maabara

Ndugu Mtafiti, katika hoja ya kwanza nasimama upande wako. Kwenye kisiwa cha San Nicolas, pwani ya California, wanaishi mbweha wadogo ambao mikrosatelaiti zao hazikuonyesha tofauti yoyote kati ya mnyama na mnyama. Kwa hoja ya msimamizi wako, MHC yao nayo ingepaswa kuwa ya aina moja. Aguilar na wenzake walipoisoma na kuchapisha matokeo mwaka 2004, walikuta aleli za kutosha, wakahitimisha kwamba uteuzi asilia ulikuwa umezishikilia zisipotee wakati sehemu nyingine za DNA zinafifia. Lakini usikimbilie kudhani kwamba ndivyo inavyokuwa kila mahali, kwa maana uchambuzi mmoja uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta kwamba wanyama wanapopungua ghafla, kwa kawaida MHC hupoteza uanuwai zaidi kuliko alama zisizo na kazi, kama mikrosatelaiti. Ukiweka matokeo hayo mawili pamoja utaona kwamba mikrosatelaiti peke yake haiwezi kukuambia MHC imeelekea wapi. Usizitupe, kwa sababu utazihitaji kama kipimo cha kulinganishia, ila zisibebe mzigo ambao si wake.

Sasa tuje kwenye sehemu ya kusoma. Molekuli za MHC hushika vipande vidogo vya protini na kuvionyesha juu ya seli ili seli T, ambazo ni seli za kinga, zivikague. Zile za daraja la kwanza zipo karibu kwenye kila seli yenye kiini, na huonyesha vipande vinavyotoka ndani ya seli, kwa mfano vya virusi vinavyozaliana humo. Zile za daraja la pili zipo kwenye seli maalumu za kinga, na huonyesha vipande vya vimelea vilivyomezwa kutoka nje. Tofauti nyingi kati ya aleli na aleli zimejikusanya kwenye kile kishimo kinachoshika vipande hivyo. Kwa daraja la pili kishimo cha upande wa DRB, mojawapo ya jeni za daraja hilo, kimeandikwa kwenye eksoni ya 2 (eksoni ni kipande cha jeni chenye maelekezo ya kutengeneza protini), yenye urefu wa besi, yaani herufi za DNA, 270 hivi, urefu ambao mashine za kawaida za kusoma mfuatano huumudu kwa kusoma kutoka ncha zote mbili. Kwa daraja la kwanza utahitaji eksoni ya 2 na ya 3.

Kwa jamii ya paka kuna jambo la kuzingatia tangu mwanzo. Mamalia wengi wana jeni za DR (ambamo DRB imo) na za DQ, zote za daraja la pili, zinazofanya kazi, lakini paka hawana DQ; badala yake jeni zao za DR zimeongezeka nakala. Hiyo ina maana kwamba kuanza na DRB ni uamuzi wa busara, na papo hapo ina maana kwamba simba mmoja anaweza kukupa aleli tatu, nne au zaidi, kwa kuwa praima zako, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mahali pa kuanzia kunakili, zitanasa nakala kadhaa kwa pamoja. Hutajua aleli ipi inatoka kwenye nakala ipi, na kwa hiyo huwezi kusema kwa uhakika kwamba mnyama huyu ni homozigoti (ana aleli mbili zinazofanana) na yule ni heterozigoti (zake zinatofautiana). Nimeona miswada ambayo hesabu za heterozigoti zimefanywa juu ya data za namna hiyo kana kwamba ni jeni moja, na sioni namna ya kuzitetea. Hesabu idadi ya aleli kwa kila mnyama, au pima jinsi aleli alizo nazo zinavyotofautiana zenyewe kwa zenyewe katika asidi amino za kishimo. Vipimo hivyo viwili vinastahimili hali ya nakala nyingi.

Hatari kubwa zaidi imo ndani ya mrija wa PCR, ile mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi. Aleli za DRB zinafanana sana katika baadhi ya sehemu na kutofautiana sana katika nyingine. Polimerasi, yaani kimeng'enya kinachonakili DNA, ikiachia uzi kabla haijaumaliza, uzi huo nusu unaweza kujishika kwenye aleli nyingine katika mzunguko unaofuata na kukamilishwa huko, na matokeo yake ni mfuatano wenye kichwa cha aleli moja na mkia wa nyingine. Mfuatano huo wa bandia unapendeza machoni kama aleli mpya. Kinga yake ni kupunguza mizunguko ya PCR kadiri inavyowezekana, kuongeza muda wa kurefusha uzi, na, lililo muhimu kuliko yote, kufanya PCR mbili zinazojitegemea kwa kila simba kuanzia DNA ileile, kisha kukubali tu aleli iliyojitokeza katika zote mbili kwa wingi wa kueleweka. Mfuatano unaoweza kuelezwa kwa kuunganisha aleli mbili za mnyama huyohuyo, na ambao haujapatikana kwa mnyama mwingine asiye na aleli hizo mbili, uondoe. Weka pia sampuli tupu katika kila sahani, na utawanye marudio ya simba mmoja katika sahani tofauti.

Kosa la upande wa pili ni aleli kutoonekana kwa sababu praima haikukaa vizuri juu yake. Hili haligunduliki kwa kurudia kazi ileile, kwa sababu praima iliyoshindwa mara ya kwanza itashindwa na mara ya pili. Tumia angalau jozi mbili za praima zinazokaa mahali tofauti kwa baadhi ya wanyama, na kama una mama na watoto wake wanaojulikana, kagua kama kila mtoto amepata seti ya aleli kutoka kwa mama. Takwimu za familia za simba wa kreta zimekusanywa kwa miongo mingi. Ni hazina ambayo watafiti wa wanyama wengine wanaitamani.

Jibu kutoka kwa Daktari wa Nyika

Nashukuru kwa maelezo ya Benchi la Maabara. Mimi ni daktari wa wanyamapori, na nitazungumzia sampuli, kisha nitasema neno kuhusu ugonjwa wenyewe.

Kinyesi cha simba kinaweza kutumika, lakini kwa jeni hizi uwe mwangalifu kuliko unavyokuwa kwa mikrosatelaiti. DNA iliyomo ni kidogo, imekatikakatika, na imechanganyika na vitu vinavyozuia PCR isifanye kazi, kwa hiyo aleli moja kati ya mbili inaweza kukosekana kwa bahati tu. Lipo na jambo ambalo wengi hawalifikirii hadi matokeo yatoke: simba aliyekula nyati jana ana DNA ya nyati ndani ya kinyesi chake leo. Praima nyingi za DRB zimetengenezwa juu ya sehemu ambazo mamalia wengi wanafanana, na nyati naye ana jeni hiyo. Usipotumia praima za jamii ya paka, na usipolinganisha kila mfuatano na zile zilizomo kwenye hifadhidata za kimataifa, utajikuta umempa simba aleli za mlo wake. Kata sehemu ya nje ya kinyesi, ambako seli za utumbo wa simba mwenyewe huwa nyingi zaidi, chukua kilicho kibichi cha asubuhi kabla jua halijakipiga, na ukiweke kwenye ethanoli au ukikaushe kwa silika mara moja. Hapo pia ndipo mikrosatelaiti zinapokuja na faida yake, kwa sababu bila hizo hutajua kama marundo mawili ya kinyesi ni ya simba wawili au ya simba mmoja.

Damu ni bora zaidi, mradi haijayeyuka na kugandishwa mara nyingi. Ingefaa pia, simba atakapolazwa usingizi kwa sababu nyingine halali, daktari aliyepo aombwe kuweka kiasi kidogo cha damu kwenye kimiminika cha kuhifadhia RNA. DNA itakuambia jeni ipo; RNA itakuambia jeni inafanya kazi. Katika kundi la MHC kuna jeni zilizokufa ambazo bado zinasomeka vizuri kwenye DNA, na kuzihesabu kama silaha za kinga ni kujidanganya. Sishauri hata kidogo mnyama alazwe usingizi kwa ajili ya tasnifu peke yake.

Kumbuka vilevile kwamba majike wa kundi moja la simba ni ndugu, na madume wanaolitawala kundi mara nyingi ni kaka au binamu waliotoka pamoja walikozaliwa. Ukichukua sampuli za wanyama wanane wa kundi moja, umechukua ukoo mmoja. Gawanya sampuli kwa makundi, na uandike undugu unaojulikana.

Kuhusu ugonjwa, naomba usiingie porini ukiwa umeshaamua kwamba jeni ndizo zenye hatia. Mwaka 1994 virusi vya distempa ya mbwa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, yaani karibu 1,000, na simba wa Serengeti hawakuwa wamepitia upungufu kama ule wa kreta. Munson na wenzake walieleza mwaka 2008 kilichotofautisha mlipuko huo, na ule wa kreta wa mwaka 2001, na nyakati nyingine ambapo distempa ilipita kwa simba haohao bila vifo vya kutisha. Ukame mkali ulidhoofisha nyati, nyati wakajaa kupe, simba wakala nyati waliokuwa wakifa, na kupe wakawapa simba vimelea vya Babesia kwa wingi usio wa kawaida. Distempa inashusha kinga ya mwili. Babesia ikapata nafasi ya kuzaliana kwenye damu bila kizuizi. Simba waliokuwa na Babesia nyingi ndio waliokufa zaidi. Katika habari hiyo yote ukame na kupe vina sehemu kubwa, na mtu anayepima MHC peke yake angeweza kuandika sura nzima bila kuvitaja.

Mwisho, anza mapema taratibu za vibali vya TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) pamoja na kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro. Ukiamua kupeleka sampuli nje ya nchi utahitaji pia hati za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hata kwa mililita chache za damu, na hapo miezi hupita.

Mtafiti wa Kreta anauliza tena

Asanteni sana, Daktari na Benchi la Maabara. Suala la DNA ya nyati sikuwa nimelifikiria kabisa. Naomba kuuliza mawili. Kama tishio kuu ni virusi vya distempa, je, si afadhali nisome daraja la kwanza, ambalo ndilo linaloonyesha vipande vya virusi, badala ya DRB? Na la pili: tuseme nimefanya yote kwa usahihi, nikakuta simba wa kreta wana aleli chache kuliko wa Serengeti. Naruhusiwa kuandika kwamba kinga yao ni dhaifu?

Jibu kutoka kwa Mwalimu wa Jenetikia

Mwanangu Mtafiti, nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, na nitaanza na swali lako la pili kwa kuwa ndilo lililowasumbua watu wa fani yetu kwa miaka 40. Huruhusiwi kuandika hivyo. Unaruhusiwa kuandika kwamba wana aleli chache. Kati ya sentensi hizo mbili kuna kazi kubwa, na wanyama watatu wanaweza kukuonyesha ukubwa wake.

Wa kwanza ni duma. Mwaka 1985 O'Brien na wenzake walitangaza kwamba vipande vya ngozi vilivyopandikizwa kati ya duma wasio ndugu vilikubaliwa na miili yao, jambo ambalo kwa wanyama wengi haliwezekani, kwani mwili hukataa ngozi ya mgeni kwa sababu ya tofauti za MHC. Wakati huohuo bustani moja ya wanyama huko Oregon ilikuwa imepoteza duma wengi kwa ugonjwa wa virusi vya korona vya paka, na watu wakaunganisha mambo hayo mawili: duma hawana uanuwai, kwa hiyo duma hawana kinga. Hoja hiyo ilipenya hadi kwenye vitabu vya shule. Lakini duma wa bustanini wanabanana na wana msongo ambao duma wa porini hawaujui. Mwaka 2011 Castro-Prieto, Wachter na Sommer walisoma MHC ya duma 149 wanaoishi huru nchini Namibia, wakapata aleli 10 za daraja la kwanza na 4 za DRB. Kweli, DRB ni chache. Ila daraja la kwanza halikuwa tupu kama ilivyoaminika, na duma wa Namibia hawakuonekana kudhoofishwa na magonjwa. Baadaye, mwaka 2017, timu ya Heinrich ililinganisha damu ya duma na ya chui na kukuta kwamba ile kinga ya kuzaliwa nayo, isiyosubiri seli T, ina nguvu zaidi kwa duma. Mnyama anaweza kuwa maskini katika MHC na akajiimarisha kwingine. Ukipima chumba kimoja cha nyumba usitangaze ukubwa wa nyumba nzima.

Wa pili ni yule mnyama wa Tasmania aitwaye shetani wa Tasmania, ambaye tangu mwaka 1996 anaangamizwa na saratani ya uso inayoambukizwa kwa kuumana. Seli za saratani ya mnyama mmoja zinahamia kwa mwingine na kukua humo, na mwili haupigani nazo. Maelezo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalikuwa kwamba wanyama hao wanafanana mno katika MHC, hivyo mwili hauoni kwamba seli hizo ni za mgeni. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki na data ya kweli nyuma yake. Hata hivyo mwaka 2013 timu ileile ya akina Siddle ilionyesha kwamba seli za saratani hiyo hazionyeshi kabisa molekuli za daraja la kwanza juu yake. Jeni zipo nzima, ila zimezimwa. Seli isiyoonyesha chochote haiwezi kukaguliwa na seli T, hata katika mnyama mwenye uanuwai wa kutosha. Uanuwai mdogo ulikuwepo kweli, na bado haukuwa maelezo ya kutosha ya kilichotokea. Nawasomesha wanafunzi wangu kisa hicho kila mwaka, kwa kuwa kinawafundisha tofauti kati ya kukuta kitu na kukifanya kiwe sababu.

Wa tatu yuko hapahapa nyumbani, na ndiye ninayekuomba umsome kwa makini kuliko wote: sokwe wa Gombe, Kigoma. Sokwe hao wana virusi vya SIVcpz, ambavyo ni vya ukoo uliozaa VVU-1 kwa binadamu. Mwaka 2015 Wroblewski na wenzake walichapisha mifuatano ya jeni ya daraja la kwanza iitwayo Patr-B kutoka kwa sokwe 125 wa Gombe, wakapata aleli 11. Wangeweza kuishia hapo na kulinganisha 11 na idadi ya mahali pengine. Badala yake walifuata kila aleli katika jamii zote tatu za sokwe, ya kaskazini, ya kati na ya kusini, na kuangalia jinsi wingi wake ulivyobadilika kwa miaka. Kaskazini na katikati, ambako virusi ni vichache, aleli zilizoenea sana zilienea kwa sababu zisizohusu ugonjwa: kaskazini, wahamiaji walizaa sana, na katikati, sokwe wenye cheo ndio waliozaa sana. Hebu tafakari hilo. Aleli ya kinga imeenea, na kilichoieneza ni cheo cha mwenye nayo. Mtafiti asiyejua habari za familia hizo angeandika bila kusita kwamba aleli hiyo inalinda dhidi ya ugonjwa fulani. Kusini, ambako virusi ni vingi na jamii ilikuwa ikipungua, mgawanyo wa aleli ulikuwa ukibadilika. Na ikapatikana aleli moja, Patr-B*06:03, inayofanana kwa umbo na kwa kazi na HLA-B*57 ya binadamu, ile inayojulikana kwa kuchelewesha makali ya VVU. Sokwe walioambukizwa wakiwa na aleli hiyo walikuwa na virusi vichache kwenye kinyesi. Swali lao lilikuwa aleli ipi, dhidi ya kirusi kipi, kwa kipimo gani cha ugonjwa, na hilo liliwapa jibu ambalo hesabu ya aleli peke yake haiwezi kulitoa.

Kwa hiyo, kwa simba wako, mpangilio ninaouona ni huu. Soma MHC na mikrosatelaiti kwa wanyama walewale wa kreta na wa Serengeti. Sawazisha idadi ya sampuli kabla ya kulinganisha wingi wa aleli, kwa sababu ukisoma simba wengi zaidi Serengeti utakuta aleli nyingi zaidi hata kama hakuna tofauti ya kweli. Kisha uliza: je, MHC imepungua kwa kiwango kilekile cha mikrosatelaiti? Ikiwa ndivyo, basi upungufu wa mwaka 1962 na bahati ya kurithishana katika kundi dogo vinatosha kueleza, na huna haja ya kuita uteuzi asilia. Ikiwa MHC imeshuka kidogo kuliko mikrosatelaiti, kuna kitu kinachoishikilia. Ikiwa imeshuka zaidi, huenda ugonjwa mmoja ulipendelea aleli chache na kuziacha nyingine zipotee, na hapo ndipo utafute ni ugonjwa upi.

Utakutana pia na kipimo kinacholinganisha mabadiliko ya DNA yanayobadilisha asidi amino na yale yasiyobadilisha, ambacho tangu kazi ya Hughes na Nei ya mwaka 1988 kimekuwa ushahidi mkuu wa uteuzi asilia katika MHC. Kitumie, lakini ufahamu kwamba kinasoma historia ndefu mno. Aleli nyingi za MHC ni za kale kuliko spishi yenyewe, na simba na chui wanaweza kuwa na aleli zinazokaribiana kuliko aleli mbili za simba. Kipimo hicho kikionyesha uteuzi, kinazungumzia mababu wa simba. Hakikuambii lolote kuhusu mwaka 1962 wala 2001.

Kama damu iliyohifadhiwa inatoka katika miaka tofauti, igawanye kwa vipindi, kabla na baada ya mlipuko wa 2001. Aleli iliyopungua sana baada ya mlipuko huku mikrosatelaiti zikibaki palepale ni dokezo lenye uzito kuliko ulinganisho wowote wa kreta na Serengeti. Na Daktari wa Nyika amesema kweli kuhusu Babesia: andika kwa kila simba ni maambukizi gani yaliyopimwa, kwa kuwa bila safu hiyo kwenye jedwali lako jeni zitabaki bila kitu cha kuelezea.

Jibu la pili kutoka kwa Benchi la Maabara

Mwalimu ametosheleza. Nabakiwa na swali la kwanza, la daraja la kwanza au DRB, na hapa nitatofautiana kidogo na mwelekeo wa muulizaji. Kwa nadharia uko sahihi kwamba virusi vinahusu daraja la kwanza. Lakini DRB nayo haiko mbali na distempa, kwa maana seli T zinazosaidia kutengeneza kingamwili zinaongozwa na molekuli za daraja la pili, na Babesia, ambayo inaishi ndani ya seli nyekundu za damu zisizo na kiini na zisizokaguliwa kama seli nyingine, inapigwa zaidi kwa njia hiyo. Katika kisa cha 1994 na 2001, ambapo vyote viwili vilikuwepo, siwezi kusema daraja moja lina haki kuliko lingine.

Kwa upande wa kazi ya mikono, jeni za daraja la kwanza za paka ni nyingi, zinafanana sana, na baadhi zimekufa, hivyo bila RNA utachanganya zinazofanya kazi na zisizofanya kazi. Anza na DRB, ukamilishe, uandike sura yake. Simba wachache utakaowapata wenye damu kwenye kimiminika cha RNA, wasome daraja la kwanza kwa mashine zinazosoma nyuzi ndefu, ambazo hupita eksoni zote kwa mkupuo mmoja na kukuonyesha zipi zinatoka kwenye nakala moja. Usijaribu kuokoa gharama kwa kuchukua jenomu zilizosomwa kwa vipande vifupi na kuzipanga juu ya jenomu ya kumbukumbu: kwenye eneo la MHC vipande vya nakala tofauti hurundikwa mahali pamoja, na programu itakupa tofauti ambazo hakuna simba aliye nazo.

Faili ghafi za usomaji zihifadhi zote pamoja na orodha ya mifuatano uliyoikataa na sababu ya kuikataa. Atakayesoma simba wa Gir nchini India au wa Ruaha kwa praima hizohizo anaweza kukuta mmoja wa mifuatano hiyo kwa mnyama wake, na hapo utaurudisha kwenye hesabu.